Parafujo

Imeanguka saa nne asubuhi,
parafujo ya miwani ya Mwalimu Tungu,
ndogo kuliko punje ya ulezi,
na sakafu ya kibanda changu hapa Kanyenye ina nyufa, ina vumbi,
ina kila kitu kilichowahi kunidondoka tangu nianze kazi.
Nimepiga magoti.

Nikalituma jicho: tafuta chuma.
Halikwenda.
Lilirukia waya wa feni uliojikunja chini ya meza,
na kabla sijasema "waya"
mwili ulikuwa umesharudi nyuma, kiwiko kimegonga kiti,
kana kwamba pale amelala kifutu.
Kanyenye hakuna kifutu. Kuna lami, kuna bodaboda,
kuna jirani anayekaanga chipsi.

Nikalituma tena. Likaenda kwenye kifuniko chekundu cha soda,
likakizunguka kana kwamba kimeiva.
Nikaliita. Likaenda kwa mjusi, kwa sababu tu mjusi alisogea.
Likapanda ukutani, kwenye madoa mawili ya oili na ufa chini yake,
likaniambia: mtu huyo, anakutazama.

Jicho hili nimelirithi kama jembe,
mpini umelainishwa na viganja nisivyovijua,
vya watu waliopita porini kabla ya reli,
kabla ya jina Unyanyembe,
kabla mtu hajathubutu kuushika moto kwa makusudi.
Aliyechelewa kumwona nyoka hakuacha mtoto.
Aliyeruka kamba mara tisini na tisa, akachekwa,
na mara ya mia haikuwa kamba,
huyo ndiye aliyenizaa.
Wanasema kwa mwoga huenda kicheko.
Basi mimi ndicho kicheko chenyewe,
kimesafiri mpaka Kanyenye, kimepiga magoti.

Ila katika hao wote
hakuna aliyewahi kuangusha parafujo.

Mvua za kwanza, mama alikuwa akituchukua
kutafuta uyoga, njia ya Sikonge.
Masanja kaka yangu alitangulia mbio, kikapu kinampiga mgongoni,
akarudi nacho kitupu, uyoga umesagika nyayoni.
Mama hakucheka. Alikasirika, alikuwa na wa kuuza.
Akanitia mmoja mkononi:
"Ushike. Ugeuze. Unuse. Sasa tazama chini."
Na majani makavu, yaliyokuwa majani tu,
yakafunguka. Pale. Na pale. Na karibu na kidole gumba changu.
Ulikuwapo muda wote,
umetulia kama mtu aliyechoka kuitwa.

Basi nimefungua bawaba ya pili ya miwani,
nikaitoa parafujo iliyobaki (wazimu, najua),
nikaiweka kiganjani.
Kichwa chenye mfereji mmoja. Shingo fupi.
Mng'ao wa kijivu, umanjano kidogo pembeni.
Niliitazama mpaka nikaweza kufumba macho nikaiona.
Pumzi niliibana, nisije nikaipeperusha na hii.

Kisha nikatazama sakafu.

Nikaona tatu.
Moja yenye kutu, siijui.
Moja imevunjika shingo.
Moja ndani ya ufa, imesimama wima,
ya yule karani wa tumbaku aliyehamia Urambo
na deni langu la elfu nne.
Ya Mwalimu haimo. Labda mjusi anajua.
Ya karani niliijaribu. Ikaingia.

Saa sita Mwalimu akaja, akavaa, akapepesa,
akaitazama sakafu vizuri kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu,
akarudi hatua moja.
"Nyamizi," akasema, "huo waya uondoe."